Kitasa Kilichovunjwa: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Toleo la Kwanza la Watchmen

Katika safu iliyopita niligusia, kwa aya moja tu, hadithi ya katuni iitwayo Watchmen, iliyoandikwa na Alan Moore, ikachorwa na Dave Gibbons na kutiwa rangi na John Higgins, wote Waingereza, na kutolewa na kampuni ya DC Comics ya Marekani katika matoleo 12 kati ya mwaka 1986 na 1987. Aya hiyo imeniletea barua nyingi kuliko makala nilizozitolea jasho. Nimechagua barua tano na kuzifupisha, na nimeamua kubaki kwenye toleo la kwanza peke yake, kwa sababu karibu kila aliyeandika ama amekwama hapo au ameanzia hapo. Ambaye bado hajasoma asihofu, muuaji sitamtaja.

SWALI: Shikamoo, Mwandishi. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Tabora mjini. Kaka yangu alirudi likizo kutoka Dar es Salaam na kitabu chenye matoleo yote 12. Nimemaliza la kwanza, na nilichokiona ni watu wanaozungumza. Shujaa anayeuawa ameshauawa kabla hadithi haijaanza, hakuna anayeruka angani, na pambano la maana silioni. Je, nimesoma vibaya, au kitabu kimesifiwa kupita kiasi?

JIBU: Marahaba. Hukusoma vibaya, ila umesoma kwa mwendo wa katuni nyingine. Rudi kwenye ukurasa wa kwanza, na safari hii ziba maneno kwa kiganja, utazame picha tupu. Visanduku viko saba. Katika cha kwanza tuko chini kabisa, kwenye mfereji wa barabara, tumelikaribia mno beji la njano lenye uso unaotabasamu, na damu imechirizika juu ya jicho lake moja. Kisanduku baada ya kisanduku tunapanda juu: tunauona mfereji, kisha mtu anayeosha damu barabarani kwa maji ya mpira, kisha mpita njia mwenye nywele nyekundu aliyebeba bango la kutangaza mwisho wa dunia, ambaye anakanyaga damu ile na kuondoka akiacha alama za nyayo. (Mtazame vizuri huyo mwenye bango. Zaidi ya hapo sisemi.) Tunaendelea kupanda mpaka kisanduku cha mwisho, kilichochukua upana mzima wa ukurasa, ambamo mpelelezi wa polisi amesimama kwenye dirisha lililovunjika, ghorofani huko, akichungulia chini na kusema kwamba mtu huyu ameanguka kutoka mbali sana. Kwa hiyo safari ya marehemu kutoka dirishani hadi barabarani tumeshaifanya sisi wenyewe, kinyumenyume, kabla hatujajua jina lake. Ukurasa mmoja umemaliza kazi ambayo mwandishi mwingine angeipa kurasa tano za ngumi.

Marehemu ni Edward Blake, ambaye zamani alivaa vazi la kishujaa akijiita Comedian, yaani mchekeshaji. Unasema ameuawa kabla hadithi haijaanza, na ni kweli, lakini kifo chake kipo humo: wapelelezi wawili wanapojadiliana chumbani jinsi mlango ulivyovunjwa na ni watu wangapi walihitajika kumtupa mtu mwenye mwili kama ule, katikati ya mazungumzo yao vimepachikwa visanduku vyekundu vinavyoonyesha tukio lenyewe. Polisi wanakisia, nasi tunaona. Utagundua pia kwamba katika visanduku hivyo uso wa muuaji hauonekani hata mara moja, na hilo si jambo rahisi kulichora.

Kuhusu uchovu ulioupata, nadhani sababu yake ni mpangilio wa ukurasa. Watchmen imejengwa juu ya visanduku tisa, vitatu kwa vitatu, ukurasa hadi ukurasa, na msingi huo haupotei hata pale visanduku viwili au vitatu vinapounganishwa kuwa kimoja. Msomaji aliyezoea picha zinazovunja mipaka na kurusha ngumi nje ya karatasi huona kama amefungiwa chumbani. Lakini visanduku vikilingana, muda nao hulingana, kama mapigo ya saa, na mchoraji anaweza kuonyesha tendo dogo likifanyika hatua kwa hatua bila kupiga kelele. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni pale Rorschach, yule mwenye kinyago cheupe chenye madoa meusi yanayohamahama, anapoingia usiku katika nyumba ya marehemu. Anafungua kabati la nguo, anahisi kuna kitu hakikai sawa, anachukua henga ya waya, anainyoosha, anapima kina cha kabati kwa ndani, kisha anapima kwa nje. Vipimo havilingani. Anapapasa mpaka anapata kitufe, ukuta wa nyuma unafunguka, na mle ndani limetundikwa vazi la Comedian. Yote hayo yanapita karibu bila neno. Polisi walikuwa chumbani humo mchana kutwa wakiwa na taa na mamlaka, na hawakulipima kabati.

Labda itakusaidia kujua kwamba maelezo ambayo Moore alimpelekea Gibbons kwa ajili ya toleo hili moja yalikuwa kurasa 101 zilizopigwa taipu bila nafasi kati ya mistari, kwa hadithi ambayo picha zake hazifiki kurasa 30. Gibbons amesimulia kwamba alizipa kurasa hizo namba ili zikimdondoka sakafuni aweze kuzipanga tena, kisha akazipitia kwa kalamu ya rangi ili ajue lipi ni neno la kusemwa na lipi ni jambo la kuchorwa. Beji, bango na henga havikujipenyeza kwa bahati.

Na kuhusu kuruka angani, hesabu wahusika. Katika mashujaa wote wa Watchmen, mwenye nguvu zisizo za kibinadamu ni mmoja tu, Doctor Manhattan, yule mtu wa buluu, na katika toleo la kwanza anazitumia kwa jambo dogo linaloudhi: Rorschach anapoendelea kuongea baada ya kuombwa aondoke, anajikuta yuko nje ya uzio huku sentensi yake bado iko mdomoni. Wengine wote ni watu wa kawaida waliowahi kushona mavazi. Soma tena taratibu, na kama bado hukipendi, basi ni haki yako.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Mwanga, Kigoma. Mwanangu wa miaka 12 alinunua kitabu hicho kwenye meza ya vitabu vya mtumba. Jalada lina rangi ya njano, nikadhani ni cha watoto, mpaka nilipokifungua. Je, nimwachie?

JIBU: Usimwachie, mama. Mchukulie kwa upole, mwambie kitamsubiri, na umwekee mahali ambapo anajua kipo, kwa sababu kitabu kilichofichwa husomwa usiku kwa tochi ya simu. Katika toleo la kwanza kuna mtu anavunjwa vidole baa ili aseme jambo asilolijua, na katika toleo la pili kuna tukio la kujaribu kubaka ambalo mtoto wa umri huo hana namna ya kulibeba. Miaka 17 ingenipendeza zaidi.

Kosa la kudhani ni cha watoto si lako peke yako. Mwaka 1954, baada ya malalamiko makubwa kwamba katuni zinaharibu vijana, wachapishaji wa Marekani walijiwekea kanuni na muhuri wa kugongwa kwenye jalada, na kwa zaidi ya miaka 30 katuni nyingi za mashujaa ziliandikwa zikiwa na jicho kwenye muhuri huo. Watchmen haikuubeba. Iliuzwa katika maduka maalumu ya katuni kwa dola 1.50, wakati katuni ya kawaida iliuzwa senti 75, kwa hiyo mnunuzi aliyekusudiwa alikuwa mtu mwenye fedha yake mfukoni. Hata hapa kwetu, waliokuwa wakigombania jarida la Sani ili wasome visa vya Ndumilakuwili walikuwa baba na kaka zetu, ingawa sisi wadogo tulilisoma wakishalala.

SWALI: Mimi ni mwalimu, Kasulu. Picha zinapokwisha katika toleo la kwanza, zinafuata kurasa za maandishi matupu. Wanafunzi niliowaazima kitabu wote wameziruka. Zina kazi gani?

JIBU: Wanafunzi wako wamekosa sehemu iliyonifanya mimi niendelee na toleo la pili. Ni sura za mwanzo za kumbukumbu za maisha ya Hollis Mason, askari polisi mstaafu, ambaye ndiye wa kwanza kuvaa vazi la shujaa aitwaye Nite Owl, kabla ya kumwachia jina hilo kijana aitwaye Dan Dreiberg. Mason si mwandishi, na anakiri hivyo. Anasema alimwomba ushauri mwanamke wa duka la jirani, aliyeandika riwaya nyingi ambazo hazijawahi kuchapishwa, naye akamwambia aanze na jambo la kuhuzunisha kuliko yote analolikumbuka, ili wasomaji wawe upande wake. Basi anaanza na mwenye gereji ambamo baba yake alifanya kazi. Bwana huyo alipenda mizaha, na siku moja, akiwa ofisini amevaa matiti ya bandia ya mzaha, akafungua barua iliyomwarifu kwamba mkewe ameondoka na mfanyakazi wake anayemwamini, pamoja na fedha za biashara. Akatoka mbele ya mafundi machozi yakimtiririka, huku nyuma yake santuri ya muziki mzito wa Wagner ikinguruma na yale matiti bado yako kifuani. Mafundi wakacheka. Usiku ule akajiua.

Ukishasoma hapo, rudi kutazama beji la njano lenye damu, utaelewa ni kwa nini lile lilikuwa beji la mtu aliyejiita mchekeshaji.

Kuna jambo moja linalonigusa kikazi. Kurasa hizo zilikuwapo kwa sababu matangazo ya biashara ya kuzijaza hayakupatikana, na mojawapo ya mawazo yaliyokuwapo lilikuwa kuzifanya za barua za wasomaji. Mhariri Len Wein aliona si haki, kwa kuwa watakaoandika kuhusu matoleo ya mwisho wasingepata pa kujibiwa, ndipo yakawekwa maandishi haya. Kama mtu anayekula kwa barua za wasomaji, nimejitahidi kumchukia Wein kwa uamuzi huo, nimeshindwa.

SWALI: Mwandishi, salaam. Mimi ni mzee wa Urambo. Mjukuu wangu alinitafsiria toleo hilo usiku mzima. Mwaka 1982 nilikuwa sungusungu. Tulikesha na upinde, tulipiga filimbi, tulifuata nyayo za ng'ombe walioibwa mpaka vijiji vya mbali. Sasa huyu mwenye kitambaa cha madoa usoni anaingia baa, anamshika mtu asiye na kosa, anamvunja kidole, anamvunja cha pili, hapati jibu, anaondoka. Sisi tungefanya hivyo kijiji kingetuita. Huyu nani alimtuma? Na kwa nini mnamwita shujaa?

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na ningetamani mjukuu wako angenipa nafasi karibu na jiko usiku ule, kwa sababu swali lako ndilo jina la kitabu. Watchmen maana yake ni walinzi, na jina linatokana na swali la mshairi wa Roma, Juvenal, aliyeishi yapata miaka 1,900 iliyopita, akiuliza walinzi wenyewe watalindwa na nani. Katika hadithi swali hilo limeandikwa kwa rangi kwenye kuta za New York, na wachoraji wamefanya makusudi lisionekane lote mahali pamoja: herufi zimefunikwa na mtu anayepita, au zimekatwa na ukingo wa kisanduku.

Kwa mujibu wa hadithi, serikali ya huko ilishajaribu kulijibu. Mambo yanatokea Oktoba 1985, katika Marekani ya kubuni ambamo Nixon, aliyejiuzulu kweli mwaka 1974, bado ni rais, na mwaka 1977, baada ya polisi kugoma na mitaa kuchafuka, bunge lilipitisha sheria iliyoitwa Keene kuwapiga marufuku wavaa vinyago wote isipokuwa wale wanaofanya kazi chini ya serikali. Toleo la kwanza linatupitisha kwa kila mmoja kuona alichofanya baada ya sheria. Dreiberg ametii, ameweka vazi lake stoo na tumbo limeanza kutoka. Tajiri Adrian Veidt alikuwa ameshastaafu mapema, sasa anauza sanamu za plastiki za sura yake mwenyewe. Doctor Manhattan na marehemu Blake walikubali kuajiriwa na serikali. Rorschach peke yake amekataa, ndiyo maana anatafutwa na polisi. Aliyemtuma ni yeye mwenyewe, na shahidi wake ni daftari analoliandika kila siku, ambamo yeye ndiye mshitaki na hakimu.

Kwa hiyo kumwita shujaa ni neno la jalada. Ukitazama picha, Moore na Gibbons hawamtetei. Wamemwonyesha akivunja vidole vya mtu na kutoka mikono mitupu, na kisha, kwa maoni yangu, wameweka jambo dogo zaidi linalosema zaidi. Dreiberg anarudi nyumbani usiku kutoka kwa mzee Mason, anakuta kitasa cha mlango wake kimevunjwa. Anaingia kwa woga, anamkuta Rorschach jikoni, kinyago kimepandishwa hadi puani, anakula maharage baridi moja kwa moja kutoka kwenye kopo. Huyu ni rafiki yake, walipiga doria pamoja miaka mingi, na angeweza kubisha hodi. Hasemi neno juu ya kitasa. Baadaye fundi atakuja kuweka kitasa kipya, nacho hakitadumu. Katika katuni nilizosoma utotoni milango ilikuwa ikivunjwa kwa mafungu na hakuna aliyemwona seremala kesho yake. Hapa mlango una mwenyewe, na bili inakuja kwake. Giza la toleo hili mimi naliona hapo kuliko kwenye damu.

Nikuulize nawe, mzee, kwa heshima. Sungusungu walipochipuka miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi miaka ile ya mwanzo ya 1980, katika vijiji vya Shinyanga na Tabora ambako baadhi ya watu waliwaita Basalama, walikuwa na kitu ambacho Rorschach hana: mlijuana kwa sura, mlikuwa na viongozi, na mlikaa kikao hadharani kabla ya kumtoza mtu faini au kumtenga asisaidiwe moto wala maji. Lakini wapo waliopigwa kwa kushukiwa tu, na wapo kina mama wazee waliolaumiwa uchawi, wengine wakapoteza maisha, na kikao kilikuwapo. Ndiyo maana serikali nayo ilivutana yenyewe kwa yenyewe, viongozi wa siasa wakisifu na vyombo vya sheria vikishitaki, mpaka mwaka 1989 sheria ya mgambo iliporekebishwa ili sungusungu watambulike rasmi. Wabunge wa kubuni wa Marekani walifukuza walinzi, wetu wa kweli wakawaingiza kwenye sheria, na katika nchi zote mbili aliyevunjwa vidole hakupata vidole vipya. Wewe ulikuwapo, mimi nimesoma tu. Ukiniandikia kijiji kiliwahi kuwaita na kuwauliza nini, nafasi katika safu hii ni yako.

SWALI: Kaka Mwandishi, mimi ni mchoraji, nina miaka 22, ninaishi Ujiji. Nimechora toleo la kwanza la shujaa wangu wa giza anayeitwa Karabai, kurasa 32, nimekutumia nakala niliyotoa fotokopi. Mchapishaji mmoja ameonyesha nia na amenipa mkataba wa kusaini. Naomba uniambie ukweli kama kuna kitu kinakosekana.

JIBU: Mdogo wangu, mkono wako ni mzuri. Nyuso za abiria wanaosubiri stesheni ya Kigoma katika ukurasa wa 11, hasa yule bibi aliyelalia gunia lake la mihogo huku kiganja kimeshika kamba, zimenifanya nikae kimya kidogo. Katika kurasa 32, hata hivyo, umeweka mapambano sita, na baada ya la pili nilianza kufungua kurasa bila kutazama. Karabai anaingia Kibirizi, anapindua meza za wachuuzi wa migebuka ili kumkamata mwizi mmoja, kisha anatoweka kwenye moshi. Nilibaki nikiwatazama wale kina mama. Samaki wako mchangani, mtaji umekwenda, na wewe umeshafungua ukurasa mwingine. Toleo lako la kwanza limelala palepale. Mchore mmoja wao akiokota samaki, akiwapangusa mchanga, akihesabu wanaouzika na wasiouzika. Kisha mrudishe Karabai asubuhi, bila vazi lake, kuja kununua kitoweo kwa mama huyohuyo. Sijui atasema nini. Wewe utajua, ni mtu wako.

Usijifunge kwa visanduku tisa kwa sababu Gibbons alivitumia. Mwaka huohuo wa 1986 Frank Miller, mwandishi na mchoraji wa katuni wa Marekani, alimrudisha Batman akiwa mtu wa miaka 55 aliyestaafu kwa miaka 10, na mara nyingi aliugawa ukurasa katika visanduku 16 vidogo vilivyojaa watangazaji wa televisheni wanaobishana kama mzee huyo ni mkombozi au mhalifu. Kelele zile zilihitaji visanduku vingi. Habari yako ina kelele gani? Ngoma za matanga, honi ya meli, mnada wa dagaa alfajiri? Chagua sauti kwanza, ndipo ukate visanduku. Na punguza wino mweusi. Higgins alitumia zaidi zambarau, kahawia, chungwa na kijani, akaacha nyekundu na buluu kali za mashujaa wa zamani, na hadithi ikawa nzito ilhali kila kitu kinaonekana. Katika kurasa zako sita nimeshindwa kujua nani anampiga nani, na fotokopi imezidisha msiba.

Kuhusu mkataba, usisaini wiki hii. Moore na Gibbons walikubaliana na kampuni kwamba haki zingewarudia kitabu kikiacha kuchapwa kwa muda wa mwaka mmoja. Wakati ule katuni ikichapwa mara moja ilikuwa imekwisha, kwa hiyo sharti hilo lilionekana zawadi. Kitabu kikapendwa, kampuni haikuacha kukichapa, na mpaka leo haki hazijarudi. Kifungu kilikuwa kwa lugha nzuri kabisa. Katika mkataba wako, kifungu cha 7 kinampa mchapishaji mhusika Karabai "kwa muda wote kitabu kitakapokuwa sokoni". Umeona? Mwombe aweke idadi ya miaka, na kabla ya lolote isajili kazi yako katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, maana sheria ya mwaka 1999 inakulinda tangu ulipochora, lakini siku ya ubishi karatasi husaidia.

La mwisho ni la ukurasa wa 3, ambao najua umeutolea jasho: Karabai amesimama juu ya jiwe ufukweni, mwezi mpevu nyuma yake, na ziwani mamia ya taa za wavuvi wa dagaa mpaka kwenye milima ya Kongo. Picha ni nzuri, ila umezaliwa Ujiji na unajua kosa lake. Wavuvi hutoka usiku wa giza, dagaa wafuate taa; mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi, mitumbwi huvutwa mchangani na watu hushona nyavu. Mwezi na taa havikai pamoja katika ziwa lile. Futa mwezi, acha taa, na umwache Karabai aonekane kwa mwanga utokao majini, chini ya kidevu, ambako hakuna mtu anayependeza.